Neno Lililoandikwa Chini ya Betri

Jamani, sogeeni. Nina jambo la mtaani kwetu, na nitalisema lilivyo. Atakayejisikia kuguswa asinitazame mimi kwa jicho baya, ajitazame mwenyewe.

Jumamosi ile ilianza vizuri kabisa. Jua lilikuwa bado halijawa kali, na mama yule mjane alikuwa bandani nyuma ya nyumba yake, kakaa kwenye kigoda, anafuta gari. Kitambaa cha fulana kuukuu mkononi, kopo la nta miguuni. Alikuwa anafuta rimu, spoku moja baada ya nyingine, na rimu zile zina spoku nyingi kuliko subira ya watu wengi. Redio ya jikoni ilikuwa inasoma taarifa ya hali ya hewa na hakuna aliyeisikiliza.

Gari lenyewe mnalijua. Nani hapa hakuwahi kusimama kulitazama? Gari la michezo la Kiingereza, fupi, limelala chini, viti viwili tu, paa la turubai la kukunja, rangi ya kijani iliyoiva. Lina umri mkubwa kuliko binti wa mwenye nyumba. Lilifika pale miaka mingi iliyopita likivutwa kwa kamba, halina umeme hata wa kuwashia taa ya ndani, panya wamezaliana kwenye kiti cha dereva. Marehemu mumewe alilipata kwa bei ya chuma chakavu.

Sasa hapa nisikilizeni, kwa sababu ndipo mtaa mzima ulipokosea. Marehemu alikuwa mwandika mabango. Yale maandishi yote mazuri ya madukani, ya saluni na ya buchani, mkono wake ule. Gari alilipaka rangi yeye, na rangi mpaka leo haijapasuka. Lakini umeme? Waya zote zile, dinamo, stata, taa, honi? Hizo ni kazi ya mkewe. Mama yule ni fundi umeme wa magari, na amefanya kazi hiyo kwenye baraza la duka la watu tangu akiwa msichana. Marehemu kazi yake kwenye umeme ilikuwa kushika tochi, na hata tochi alikuwa anamulika pasipotakiwa.

“Mume wangu, mulika waya, usinimulike mimi usoni.”

“Si naangalia fundi anavyofanya kazi!”

Ndivyo walivyoishi. Yeye ndiye aliyempa mkewe jina la utani la Kinyume. Akisema tupake gari jekundu, mke anasema kijani. Akisema tule sasa, mke anasema ngoja nimalize fyuzi. Jina likatoka ndani, likavuka ua, mtaa mzima ukalidaka. Mama Kinyume. Wengi wetu tulilitaja kwa kicheko, na kicheko chetu hakikuwa na mapenzi kama cha mumewe.

Mumewe alipougua na kujua safari imefika, alimwambia mbele ya binti yao: “Usiligeuze gari kuwa kaburi langu. Liuze, ujenge karakana yako, uache kunyeshewa kwenye baraza la watu.” Kisha akaondoka. Mungu amrehemu.

Mama Kinyume alilia mpaka machozi yakakauka, akafanya yote ya sheria. Mahakama ikampa barua ya usimamizi wa mirathi, kadi ya gari akaihifadhi ndani ya kopo la fyuzi, mahali ambapo mwizi hawezi kuwaza. Kila alipomaliza kuliwasha gari, alitoa betri akaiweka ndani ya nyumba juu ya ubao. Mwaka na nusu ulipopita, akachukua brashi ya marehemu akaandika kwa mkono wake usio mzuri: LINAUZWA. ULIZA NDANI. Akaning'iniza kibao kwenye geti.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza.

“Mwanamke anauza gari?” Ndivyo tulivyosema. Kana kwamba kibao kile kimeandikwa matusi.

Aliyekasirika kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wake marehemu. Huyu tunamwita Msemaji, maana harusi isiyo na yeye kwenye kipaza sauti haijawahi kutokea, na msiba pia. Siku ile ya mazishi, watu wakiwa bado wana udongo viatuni, Msemaji alimfuata mjane akamwambia kwa upole, “Shemeji, nipe ufunguo wa gari nikutunzie. Wewe sasa hivi una majonzi.” Mjane akampa. Ufunguo ukatunzwa. Kila alipouomba aliwashe gari lisioze, ulikuja kwa masharti, Msemaji kasimama pembeni anatazama saa, kisha ukarudi mfukoni mwake. Kutunziwa ni kuzuri, jamani, lakini kuna kutunziwa mpaka ukasahau kitu ni chako.

Binti yake, mwalimu wa chekechea, mtoto mpole asiyependa kelele, alishamwambia mama yake mara mbili: “Mama, mwachie tu baba mdogo auze yeye. Tupate amani.”

“Amani ya nani?” mama akamuuliza.

 Binti akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Basi Jumamosi ile, mama yuko na spoku zake, geti likafunguliwa bila hodi. Akaingia Msemaji, kavaa koti, kashika ufunguo juu kila mtu auone. Nyuma yake mwanamume mmoja wa makamo, mkimya, daktari wa meno kutoka upande wa pili wa mji. Nyuma yao, kama kawaida yetu, sisi. Fundi cherehani aliacha shati la mtu lina mkono mmoja akaja kutazama.

“Daktari, karibu,” Msemaji akasema kwa sauti ya kipaza sauti ingawa hakikuwepo. “Hili ndilo gari la familia yetu. Kaka alilianza, mimi nimelitunza. Shemeji, habari za asubuhi. Tuletee chai basi, tuna mgeni.”

Mama Kinyume aliinuka taratibu, akajifuta mikono. Akamtazama mgeni, hakumtazama shemeji.

“Karibu, Daktari. Umesoma kibao getini?”

“Nimekisoma.”

“Kimesema uulize ndani. Ndani ni mimi.”

Watu wakaguna. Msemaji akacheka kile kicheko cha kuomba radhi kwa niaba ya mtu mwingine. “Msamehe, Daktari. Ana uchungu bado. Shemeji, usituaibishe mbele ya mgeni.”

Hiyo ndiyo silaha yenyewe, ndugu zangu. Usituaibishe. Wanawake wangapi mtaani humu wameachia mashamba na nyumba kwa neno hilo moja? Msemaji alikuwa hana kadi, na barua ya mahakama haikuwa na jina lake. Alichokuwa nacho ni ufunguo na macho yetu. Alijua tukisimama pale wengi, mjane ataona haya, ataingia ndani, atatoka na kadi. Na mimi naungama kwamba tulisimama.

 Mama Kinyume alitaka kulia na hakutaka kulia mbele ya koti lile. Akaweka mkono juu ya boneti, akabaki palepale.

“Shemeji, gari nauza mimi. Kadi ninayo mimi. Na betri iko ndani kwangu, siitoi.”

“Betri?” Msemaji akamkonyeza daktari. “Betri kitu gani? Nimekuja na yangu.” Na kweli, akaenda nje kwenye gari lake akarudi amebeba betri mpya, inang'aa, bado ina karatasi ya dukani.

Mama akabadilika uso. Si hasira tena, hofu. “Shemeji, usiiunganishe hiyo. Niulize kwanza.”

“Nikuulize wewe? Betri ni betri. Mimi naendesha magari tangu wewe hujaolewa.”

Akaegemeza kiti mbele, akafunua kifuniko nyuma ya viti, kwa maana gari lile betri yake inakaa huko. Chini ya kifuniko, kwenye bati la shimo la betri, palikuwa na maandishi. Mkono wa marehemu ule, hakuna wa kubisha: herufi nyekundu zenye kivuli cheupe, nzuri kama za duka jipya. KINYUME.

Msemaji aliposoma, alicheka mpaka akashika kiuno. “Njooni muone! Kaka alikuwa na vituko! Mpaka kwenye shimo la betri kamwandikia mkewe jina la utani!”

Tukasogea, tukachungulia, tukacheka. Ndiyo, sisi, nani mwingine? Fundi cherehani alicheka kuliko wote.

“Hilo si jina langu,” mama akasema. “Hilo ni onyo. Sikiliza nikueleze. Gari hili waya wake—”

“Chai, shemeji! Tuletee chai!”

Akainama, akaanza kufunga. Waya wa bodi kwenye hasi ya betri, kama alivyozoea kwenye magari yote ya maisha yake. Kibano kimoja kikawa kikubwa kwa kichwa cha betri, kinacheza. Kingine kikawa kidogo, kikakataa kuingia. Chuma chenyewe kilikuwa kinamwambia, sipo mahali pangu. Msemaji akaomba nyundo. “Hata vyuma vya nyumba hii vina ubishi,” akasema, watu wakacheka tena, na nyundo ikapatikana, maana mtaani kwetu nyundo ya kuharibia haikosi.

Mama Kinyume akamgeukia binti yake aliyesimama mlangoni. “Mwambie baba yako mdogo aache. Labda wewe atakusikia.”

Binti akafumbua mdomo. Akatazama watu. Akaufumba.

Msemaji akaingia kwenye kiti, akazungusha ufunguo. Na gari, jamani, likawaka! Mara moja, bila kukohoa, likanguruma ile sauti yake nzito ya kupendeza. Tukapiga makofi. Msemaji akatupungia mkono kutoka kwenye usukani.

“Mnaona? Shemeji, unaona? Fundi ni nani hapa?” Kisha akamwinamia daktari. “Sikiliza na redio yake. Ya tangu zamani, haijabadilishwa.” Akabonyeza swichi.

Redio ile marehemu aliipenda. Walikuwa wakikaa bandani jioni, paa limekunjwa, gari halijaenda popote, wanasikiliza nyimbo wakitazama ukuta. Mama alikuwa ameikarabati kwa mikono yake, miezi mitatu, mpaka ikasema.

Ikasema kwa mara ya mwisho. Tak! Moshi mweupe ukatoka kwenye matundu ya dashibodi, ukamjaa Msemaji usoni. Kabla hatujajua kinachoendelea, moshi mwingine ukaanza kutoka chini ya boneti, ule mchungu wa waya unaoungua.

“Zima!” mama akapiga kelele. “Zima gari!”

Msemaji alikuwa keshatoka mbio, yuko karibu na geti. Ufunguo kauacha palepale kwenye swichi. Sisi tukarudi nyuma kwa umoja wetu. Aliyekwenda mbele ni mtu mmoja tu. Mama Kinyume alifunga kanga mkononi, akazima swichi, akaruka nyuma ya viti, akakishika kile kibano kilichopigwa nyundo, akakivuta kwa nguvu zake zote mpaka kikang'oka. Cheche ikamchoma kidole. Moshi ukapungua, ukaisha, ikabaki harufu mbaya.

Akakaa kwenye mlango wa gari akalia. Hakujificha. Alilia kwa sauti, kidole mdomoni, na hakuna aliyejua pa kutazama.

Daktari wa meno ndiye aliyesogea. Tangu aje alikuwa hajasema maneno kumi. Akachungulia shimo la betri kama anavyochungulia mdomo wa mgonjwa, kisha akauliza kwa adabu, “Mama, kinyume maana yake nini hapa?”

Mama akajifuta machozi. “Magari mengi, hasi ndiyo inafungwa kwenye bodi. Hili, na wenzake wengi wa Kiingereza wa zamani, ni chanya. Ukigeuza, taa zitawaka na injini itawaka, utadhani umepatia. Lakini redio unaiua, na dinamo inapoanza kuchaji inapigana na betri, inaunguza kiboksi cha kudhibiti chaji. Mume wangu alikuwa hajui umeme, alikuwa anasahau. Nikamwambia aandike. Akaniuliza niandike nini? Nikamwambia, kinyume.”

Daktari akageuka kumtazama Msemaji kule getini. “Wewe si ulisema umelitunza?”

“Ni... hitilafu ndogo,” Msemaji akasema. “Magari ya zamani haya. Tutaelewana, Daktari. Ukoo ukisema umeuza, umeuza.”

“Sijasikia ukoo,” daktari akasema. “Nataka kuongea na mwenye gari.”

Basi hapo yule binti mpole akashuka ngazi. Alitembea mpaka mlangoni mwa gari akachomoa ufunguo kwenye swichi. Akauweka kwenye kiganja cha mama yake, akakifumba.

“Baba mdogo,” akasema, “umeutunza vya kutosha.”

“Mtoto, unaongea na nani?”

“Na wewe, baba mdogo. Shikamoo, na kwaheri. Mama, nisamehe. Nilisema tupate amani. Haikuwa amani, ilikuwa uoga.”

Msemaji akatafuta macho ya kumsaidia. Akatutazama mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza siku ile tulifanya jambo moja la maana, nalo ni dogo tu: tulimpisha njia. Akarudi kwenye gari, akaing'oa betri yake, akaondoka nayo kifuani, asidi ikamtonea kwenye koti.

Daktari akakohoa kidogo. “Mama, najua si wakati wake. Lakini bado nalitaka. Tunaweza kuzungumza leo?”

“Leo siuzi,” mama akasema, akasimama. “Gari haliondoki kwangu linanuka moshi. Njoo baada ya wiki tatu.”

“Na bei itakuwa ileile aliyonitajia shemeji yako?”

“Imepanda.”

“Imepanda? Gari limeungua!”

“Imepanda kwa sababu sasa unajua limetunzwa na nani.”

Daktari alicheka kicheko cha kweli, akampa mkono. Na aliporudi baada ya wiki tatu, mama alimwonyesha kila kitu: kiboksi kipya, waya alizobadilisha na mahali alipoziunga, na tundu kwenye dashibodi ambapo redio ilikuwepo. Hakumficha hata msumari. Alimfundisha kufunga betri, akamfungulisha na kumfungisha mara tano mpaka mikono ikazoea. Kadi ikatoka kwenye kopo la fyuzi, wakaandikiana mbele ya wakili, ikaisha. Gari lilipotoka getini paa likiwa limekunjwa, mama alilisindikiza kwa macho mpaka kona. Ilimuuma. Aliniambia mwenyewe ilimuuma, ila si kwa namna ambayo ingemuuma kama lingetolewa na mwingine.

Redio iliyoungua haikwenda na gari. Nendeni mkaione, iko kwenye rafu ya karakana yake mpya, karibu na mashine ya kupimia dinamo, ina weusi kwenye matundu. Na juu ya mlango kuna bango. Herufi hazina uzuri wa marehemu, zimepinda kidogo, lakini ni nyekundu zenye kivuli cheupe: KINYUME, UMEME WA MAGARI.

Mwezi uliopita gari la Msemaji lilikataa kuwaka. Alikwenda kwa mafundi watatu, mwishowe akasimama mlangoni pale, kofia mkononi.

“Shemeji,” akasema, “sijui ni nini.”

“Karibu, shemeji,” mama akamjibu bila kuinua kichwa. “Panga foleni.”

MAFUNZO

Ndugu zangu, nisimung'unye maneno. Mali ya mjane si shamba la nyani. Mkisha kuzika, rudisheni funguo, kadi, hati, na kila mlichoshika “kutunza.” Anayetaka kumsaidia mwenye majonzi amshike mkono, asimshike mfuko.

Na wewe uliyefiwa, usione haya. Ukiambiwa unaaibisha familia, uliza aibu hiyo ni ya nani, anayedai chake au anayechukua kisicho chake. Weka karatasi zako mahali unapopajua mwenyewe. Waambie watoto wako ukweli mapema, ili siku ya siku wasifumbe midomo mlangoni.

Kwetu sisi majirani lipo la kwetu, nalo ndilo linalonichoma. Msemaji peke yake asingeweza kitu. Alikuja na ufunguo na kicheko chetu. Tulisoma neno lililoandikwa wazi, kwa herufi kubwa nyekundu, na kwa kuwa tulimdharau mwenye kulijua, tukaliona utani. Dharau inamfanya mtu asome onyo akadhani ni mzaha, na moshi ukianza kutoka, mwenye dharau yuko getini, aliyedharauliwa ndiye anayeingiza mkono kwenye moto.

Kwa hiyo mwanamke akisema, “Niulize kwanza,” jamani, muulizeni.